Picha za Wachezaji Si Kamari

Wako watu wawili tunaotaka kushindana nao leo, na watu hao hawafanani. Wa kwanza ni mzazi au mwalimu anayemkuta mtoto ameshika picha za wachezaji wa mpira, akamnyang'anya na kuzichoma moto, maana machoni pake ni upuuzi mtupu. Wa pili ni mchuuzi anayemwambia mtoto yule yule, “Nunua, mwanangu, nunua tena, siku moja utaangukia picha ya thamani, nawe utatajirika.” Wa kwanza anaua mapenzi ya mtoto kwa fimbo, wa pili anayaua kwa tamaa. Na katika hao wawili, wa pili ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa sababu anakuja akicheka.

Sisi twasema hivi: kukusanya picha za wachezaji ni jambo jema kwa vijana wetu, nasi yatupasa kuwavuta walipende, hapa Dilolo na katika jimbo zima la Lualaba. Lakini twakataa kabisa kuwavuta kwa ahadi ya fedha. Kijana akiingia kwa mlango wa fedha, hatakusanya picha, atacheza kamari. Akiingia kwa mlango wa mapenzi na elimu, atapata kitu ambacho watu wazima wengi wa nchi hii tumekipoteza, yaani ukumbusho wa watu wetu wenyewe.

JAMBO HILI LILIANZAJE

Wasomaji wengine watauliza picha hizo ni kitu gani hasa. Ni kipande cha karatasi ngumu, ukubwa wake kama kiganja cha mkono. Upande wa mbele kuna sura ya mchezaji. Upande wa nyuma kuna jina lake, timu yake, na habari za kazi yake. Watu wa Marekani walianza kuzitoa kwa wingi katika miaka ya 1880, nao walizitia ndani ya pakiti za sigareti. Karatasi ile ngumu ilizuia sigareti zisikunjike, na sura ya mchezaji ilimfanya mnunuzi arudi tena dukani. Tangu mwanzo basi, picha hizi zilikuwa chambo. Tusidanganyane juu ya neno hilo.

Baadaye chambo kilihamishwa kikatiwa pamoja na chingamu, ili kiwapate watoto. Huko Italia, katika mji wa Modena, ndugu wa ukoo wa Panini walianzisha kampuni yao mwaka 1961. Wao walitoa picha za kubandika pamoja na kitabu chenye nafasi tupu, kila nafasi ikimngojea mchezaji wake. Kitabu chao cha kwanza cha Kombe la Dunia kilikuwa cha Mexico, mwaka 1970. Na katika kile cha mwaka 1974 walikuwamo ndugu zetu, Léopards wa Zaïre, kama nchi hii ilivyoitwa siku zile. Watoto wa Ulaya walibandika sura za Wakongomani vitabuni mwao. Je, ni watoto wangapi wa Dilolo au wa Sandoa waliopata kuzishika sura hizo?

Kanisa nalo lajua nguvu ya picha ndogo, tena tangu zamani kuliko wauza sigareti. Nani kati yetu hakupewa picha ya mtakatifu siku ya Komunyo ya kwanza? Mbele sura ya Mtakatifu Teresa au ya Mama Maria, nyuma sala fupi. Fungueni vitabu vya sala vya mama zetu, mtakuta humo picha za ukumbusho wa upadirisho, na za marehemu, na za mwenyeheri wetu Anuarite, zimechakaa pembeni kwa kushikwashikwa. Hakuna katekista aliyewahi kumwambia mtoto, “Itunze picha hii ya Mtakatifu Yosefu, maana bei yake itapanda.” Mtoto alipewa ili akumbuke, asali, afuate mfano. Hiyo ndiyo njia tunayoitaka hata kwa picha za wachezaji.

UDANGANYIFU WA MAMILIONI

Mchuuzi wetu anayo hoja kubwa, na ni haki tuitaje kabla ya kuibomoa. Anasema kwamba huko Marekani kipande kimoja cha karatasi kimeuzwa kwa mamilioni. Ni kweli. Picha ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli, iliyotolewa kati ya mwaka 1909 na 1911, ilinunuliwa mwaka 2022 kwa dola milioni 7 na robo. Katika mwezi wa Agosti wa mwaka huo huo picha ya Mickey Mantle, ya mwaka 1952, ilinunuliwa kwa dola milioni 12 na nusu na zaidi. Kijana wa Kasaji au wa Mutshatsha akisikia hayo, macho yanamtoka.

Lakini tuulize jambo ambalo mchuuzi haulizi: kwa nini picha hizo zina bei hiyo? Zina bei hiyo kwa sababu karibu zote za aina yake zimepotea. Ya Wagner ilikomeshwa kuchapwa mapema. Wapo wasemao kwamba Wagner mwenyewe aliikataza, maana hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili ya sura yake. Wengine wasema alitaka alipwe. Na ile ya Mantle, watu waliosimulia habari za kampuni iliyoitoa wanasema kwamba masanduku yaliyobaki bila mnunuzi yalichukuliwa mwaka 1960 yakatupwa baharini. Hakuna aliyeyataka hata kwa senti moja! Basi waliobaki na picha hizo ni wale waliozitunza bila kujua kwamba zitakuwa mali. Walizitunza kwa sababu waliwapenda wachezaji wao.

Sasa tazama waliozitunza kwa kutaka mali. Mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, habari za bei kubwa zilipoenea, Wamarekani wengi walinunua picha kwa masanduku, wakayafunga, wakayaweka chini ya vitanda, wakingoja utajiri. Makampuni nayo yakaona biashara, yakachapa na kuchapa bila kipimo. Mwisho wake ukawaje? Kitu ambacho kila mtu anacho hakina bei. Masanduku yale mengi hayakurudisha hata fedha zilizoyanunua. Aliyetafuta fedha alipata karatasi. Aliyetafuta picha alipata fedha. Hapo pana fundisho, tena halihitaji maelezo marefu.

Tutoe mfano wa mtu wa kwetu. Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, alikwenda Marekani mwaka 1987 kusoma katika Georgetown, chuo kikuu cha Wajesuiti, akikusudia kuwa mganga. Mungu alimpa urefu wa kupita watu, naye akawa mmoja wa walinzi wakubwa katika historia ya mpira wa kikapu. Picha zake za mwaka wa kwanza, tangu 1991, zilichapwa katika siku zile zile za kuchapa bila kipimo. Hata leo nyingi zapatikana kwa dola chache tu. Je, twaweza kusema kwamba Mutombo ni mtu wa dola chache? Huyu ndiye aliyejenga hospitali Kinshasa, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2007, akaipa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024. Mtoto akifundishwa kuangalia bei, ataitupa picha ya Mutombo jalalani. Akifundishwa kuangalia mtu, ataitia ndani ya kitabu chake cha sala.

PAKITI ILIYOFUNGWA NI SHIMO

Neno la pili tunalolipinga ni pakiti iliyofungwa. Mtoto anatoa franka zake, anapewa pakiti, hajui kilichomo. Anafungua: ni mchezaji ambaye tayari anaye. Ananunua nyingine: tena ni yule yule. Tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo.

Tuseme kitabu kina nafasi 100, na picha zote zinachapwa kwa wingi ulio sawa, na mtoto hapati picha ila kwa kununua, wala habadilishani na wenzake. Picha ya kwanza itamfaa bila shaka. Akifika 50, nusu ya picha anazonunua zitakuwa za kurudia. Akibakiza nafasi moja tu, itambidi, kwa wastani, anunue picha 100 nyingine ili aipate ile moja. Mkijumlisha yote, mtaona kwamba kujaza nafasi 100 kunataka, kwa wastani, picha zaidi ya 500. Yaani zaidi ya 400 ni za kurudia! Mchuuzi anaijua hesabu hiyo. Mtoto haijui. Ndiyo maana twasema biashara hiyo si ya haki.

Sisi watu wa Lualaba tunaujua mchezo huo kwa jina lingine. Kijana anaacha shule, anakwenda Kolwezi, anashuka shimoni kutafuta kobalti. Leo hakupata kitu. Kesho huenda akapata. Basi anachimba tena. Na watoto wadogo huokota mawe na kuyaosha majini, wakati wenzao wako darasani. Jioni mnunuzi anapima mifuko kwa mizani yake mwenyewe, kwa bei yake mwenyewe. Anayetajirika si yule aliyeshuka shimoni. Pakiti iliyofungwa ni shimo dogo la karatasi: mtoto anachimba kwa vidole, na mwenye mizani anangoja mlangoni.

Na mbele ya shimo hilo dogo liko kubwa zaidi, yaani kamari ya mpira. Vijana wetu wanakaa mbele ya simu wakiandika nani atamshinda nani katika nchi ambazo hawatazifika kamwe. Wanajua majina ya wachezaji wote wa timu mbili za Uingereza, lakini hawayajui kwa kuwapenda. Wanayajua kama mchuuzi anavyojua bei ya sabuni. Kijana wa namna hiyo hafurahii bao zuri. Anafurahi au analia kwa sababu ya karatasi iliyo mfukoni. Mpira umemfia mikononi, naye hana habari. Tukimzoeza mtoto wa miaka kumi kufungua pakiti kwa moyo unaodunda, tusishangae akiwa na miaka kumi na minane kumkuta katika nyumba ya kamari. Samaki mkunje angali mbichi, wazee walisema. Na samaki huyu tunamkunja kuelekea upande mbaya.

UPANDE WA NYUMA WA PICHA

Basi kwa nini tusikataze tu, kama yule mzee mwenye kiberiti? Hapa ndipo tunapoachana naye.

Dilolo ni mji wa mpakani. Ng'ambo ni Luau, nchi ya Angola. Shaba ya Kolwezi yapita hapa juu ya reli kwenda bandari ya Lobito, kama ilivyoanza kupita mwaka 1931, kabla vita ya Angola haijaifunga njia hiyo mwaka 1975 kwa miaka mingi. Mali yetu yatoka, na bidhaa za wengine zaingia: fulana, madaftari, mabegi ya shule, na juu yake sura za wachezaji wa Ulaya. Hatuwachukii wachezaji hao, ni mafundi wa kazi yao. Lakini ukutani kwa kinyozi, juu ya daftari la hesabu, juu ya mgongo wa mtoto, hakuna hata sura moja ya mtu aliyezaliwa karibu na mito yetu. Ukimchomea mtoto picha zake hujamwondolea sura hizo kichwani. Umemwondolea karatasi tu. Lililo na maana ni kumpa picha nyingine, na hasa kumpa upande wa nyuma.

Tunasema upande wa nyuma, maana huko ndiko habari ilipo. Tumchukue Ndaye Mulamba, mzaliwa wa Kasai. Mwaka 1973 alikuwa bingwa wa Afrika pamoja na Vita Club. Mwaka 1974, katika Kombe la Afrika lililochezwa Misri, alifunga mabao 9, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyefunga mengi hivyo katika shindano moja la Kombe hilo. Zaïre ilichukua kombe. Miaka 20 ikapita. Mwaka 1994 aliitwa Tunisia kupewa heshima kwa ajili ya kazi yake. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia wakampiga risasi mguuni. Alikimbilia Afrika ya Kusini. Mwaka 1998, Kombe la Afrika likichezwa Burkina Faso, ilitangazwa kwamba Ndaye amekufa katika mgodi wa almasi huko Angola, na uwanja mzima ukasimama kimya kumwombolezea. Kumbe yu hai! Alikuwa Cape Town, akilinda magari ya watu ili apate chakula. Alifariki Johannesburg mwezi wa Januari 2019.

Ndugu wasomaji, yapimeni maneno hayo. Watu walimlilia mtu aliye hai, na wakati huo huo wenye magari walimpita bila kumtambua. Mtu aliyefunga mabao 9 aliweza kusimama njiani bila mtu kusema, “Huyu namjua!” Hatusemi kwamba kipande cha karatasi kingemponya mguu. Twasema kwamba taifa ambalo watoto wake hawajui sura za watu wake laweza kuwazika wangali hai. Hilo ndilo lililo hatarini hapa, wala si fedha.

Tumchukue na Mwepu Ilunga, mlinzi wa Mazembe. Tarehe 22 Juni 1974, katika mji wa Gelsenkirchen, Zaïre ikicheza na Brazil, Wabrazil walipewa mpira wa adhabu. Kabla hawajaupiga, Mwepu alitoka mbio ukutani akaupiga yeye mbali. Ulimwengu ulicheka, na hata leo unacheka kila Kombe la Dunia linapokaribia: “Mwafrika hajui sheria za mpira.” Lakini Mwepu, aliyefariki mwaka 2015, alisimulia mwenyewe kwamba sheria aliijua vema. Wachezaji hawakulipwa haki yao. Walikuwa wamefungwa 9 kwa 0 na Yugoslavia siku nne kabla, na watu wa rais waliwatisha kwamba wakifungwa na Brazil zaidi ya mabao 3 wasirudi nyumbani. Walifungwa 3. Upande wa mbele wa picha hiyo wageni wamekwisha kuuchora: mtu wa kuchekwa. Nani ataandika upande wa nyuma, kama si sisi?

Na ziko habari za furaha. Mazembe, timu ambayo Katanga nzima yaililia, ilianza mwaka 1939 mikononi mwa wamisionari Wabenedikto wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Jina lake la kwanza lilikuwa Saint-Georges. Ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, tena mwaka 2009, 2010 na 2015. Mwezi wa Desemba 2010, huko Abu Dhabi, iliishinda Internacional ya Brazil 2 kwa 0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, na kipa Kidiaba akaruka juu ya makalio yake mbele ya ulimwengu wote. Wasichana nao wasiachwe nyuma: mwaka 2024 wanawake wa Mazembe walikuwa mabingwa wa Afrika. Na tarehe 7 Februari 2024, huko Abidjan, wimbo wa taifa ukipigwa kabla ya nusu fainali, wachezaji wa Léopards walifunika midomo kwa mkono mmoja, na kwa vidole vya mkono wa pili wakaonyesha bunduki kichwani, ili ulimwengu uone damu inayomwagika mashariki ya nchi yetu bila watu kusema. Mtoto atakayeuliza, “Kwa nini walifunika midomo?” amekwisha kuanza somo la uraia, wala hakulazimishwa.

TUWAJIBU WANAOPINGA

Wapo watakaosema: “Watu hawana unga, ninyi mnaleta habari za picha.” Twajibu kwamba picha tunazozisema hazinunuliwi; tutaeleza hivi punde. Tena anayesema hivyo mara nyingi haulizi unga uko wapi kijana anapopeleka franka zake kwenye kamari.

Wengine watasema: “Ni kuabudu sanamu. Kijana atampenda mchezaji kuliko Mungu.” Hatari hiyo ipo, hatuikani. Lakini Mtakatifu Paulo, alipowaandikia Wakorintho, hakuona haya kuchukua mfano wa washindani wa mbio wanaojinyima yote kwa ajili ya taji linalonyauka. Alitumia mchezo ili awafikishe watu mbali zaidi ya mchezo. Mungu wa uongo ni yule unayemtolea sadaka. Tazameni basi wapi vijana wanatoa sadaka zao: ni kwenye picha iliyobandikwa daftarini, au ni kwenye kamari?

Wengine watasema: “Picha zote ziko katika simu.” Ndiyo, ziko, pamoja na mambo elfu mengine, na kila moja yaifukuza mwenzake. Simu humwonyesha mtoto kile ambacho wenye simu wanataka akione. Picha iliyo mkononi hukaa. Umeme ukikatika, yasomeka kwa jua. Unaweza kuipanga, kuihesabu, kumpa rafiki, kumwonyesha babu na kumwuliza, “Wewe ulimwona huyu akicheza?” Babu aliyekaa kimya miaka yote atafungua kinywa.

Neno lenye nguvu zaidi ni la nne: “Watoto watazichezea kamari hizo picha zenyewe.” Ni kweli, watoto hufanya hivyo hata kwa vizibo vya chupa. Kwa hiyo twataka sheria, na sheria ipate msimamizi.

TUFANYE NINI

Kwanza, picha tuzitengeneze wenyewe. Karatasi ngumu ya masanduku ya sabuni na biskuti hutupwa kila siku sokoni. Mashine ya fotokopi zipo mjini. Sura moja ya Kidiaba yaweza kukatwa vipande kumi na viwili katika ukurasa mmoja. Vijana wabandike upande wa mbele, waandike upande wa nyuma kwa mkono wao wenyewe: jina, mahali pa kuzaliwa, timu, miaka, jambo moja kubwa alilofanya, na mwisho wake. Wasiandike uongo hata mmoja. Wasiojua waulize, wakikosa, waache nafasi wazi mpaka wapate.

Pili, picha isinunuliwe wala isishindaniwe. Ipatikane kwa ulimi. Anayetaka picha ya Ndaye asimame mbele ya wenzake aeleze habari zake bila kusoma, akiweza, apewe. Mwenye mbili abadilishane na asiye nayo. Mkumbuke ile hesabu yetu: mtoto aliye peke yake anahitaji picha 500; watoto kumi wanaopeana wanahitaji chache zaidi kwa kila mmoja. Choyo ni ghali, udugu ni rahisi, hata kwa hesabu tupu.

Tatu, wawepo watu wa karibu. Simba ya Kolwezi inao wachezaji wake. Kila parokia ina kipa ambaye watoto wanamtazama kwa macho makubwa Jumapili alasiri. Wakikubali wenyewe, watengenezewe picha. Kijana atakayejua kwamba sura yake iko ndani ya daftari la mtoto wa jirani, atafikiri mara mbili kabla ya kulewa mbele yake.

Nne, tuchanganye wachezaji na mashujaa wa imani. Hapa mpakani, mahali pa forodha, tunamhitaji sana Floribert Bwana Chui, aliyetangazwa mwenyeheri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Alikuwa kijana wa Goma, mkaguzi wa bidhaa. Mwaka 2007 aliuawa kwa kuwa alikataa rushwa ya kupitisha chakula kilichoharibika. Picha yake ikae kati ya Mutombo na Kazadi, kipa wa Mazembe na wa Léopards. Naye alilinda lango.

Kwa wazazi na walimu twasema: zimeni viberiti vyenu. Mkikuta picha mkononi mwa mtoto, msimpige. Igeuzeni upande wa nyuma, mumwambie awasomee. Ikiwa nyuma ni patupu, hapo ndipo kazi yenu inapoanza. Kwa wachuuzi twasema: uzeni, biashara si dhambi, lakini uzeni wazi, mtoto aone anachonunua, wala msimwahidi mamilioni ambayo ninyi wenyewe hamkuyapata. Na kwa vijana twasema: kusanyeni. Anzeni na 11, timu moja tu. Mtakapoweza kuwataja wote 11, na kila mmoja alizaliwa wapi, na alitendewa nini na nchi yake, njoni mtuonyeshe, nasi tutawauliza maswali magumu.